Deni la Bwana Mengineyo

Nilipoanza masomo ya shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara nilikuwa na umri wa miaka 41, tai nne, na uzoefu wa miaka 12 wa kuuza unga wa ngano kwa jumla kuanzia Mbagala hadi Bagamoyo, na kwa sababu hiyo niliingia chuoni nikiamini kwamba biashara naijua na kilichopungua ni cheti tu. Barua ya chuo iliponishauri nihudhurie kozi ya maandalizi ya wiki moja, ya hisabati na uhasibu, kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kusoma masomo hayo, niliikunja vizuri nikaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukipwaya. Meza ilitulia. Sikuiona sababu ya kuketi wiki nzima nikifundishwa kujumlisha.

Vipindi vyetu vilikuwa vya jioni, kuanzia saa 11 na nusu hadi saa 3 usiku, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Ratiba ile ilisomeka vizuri sana kwenye karatasi. Haikueleza kwamba mtu hufika darasani akiwa ameshamaliza siku nzima ya kazi, amesimama ndani ya mwendokasi kutoka Ubungo hadi Posta huku begi la mwenzake likimkaa mbavuni, na kwamba mkononi ana rundo la nakala za kusoma ambalo mwenye steshenari alilipima kwa macho kabla ya kutaja bei.

Siku ya kwanza kila mwanafunzi alipewa kibao chenye jina lake akisimamishe mezani. Nilifurahi mno, kwa kuwa niliona tumepewa heshima ya wajumbe wa mkutano mkuu, na changu nikakigeuza kidogo ili kisomeke hata na aliye mlangoni. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba kibao kile ni kengele ya mbuzi: humsaidia mchungaji kujua yule aliyejificha yuko wapi. Wahadhiri wetu hawakungoja mtu anyooshe mkono; walisoma jina, wakauliza swali, na kuchangia darasani kulikuwa na alama zake.

Mhadhiri wa uhasibu alikuwa mama mmoja mfupi, mpole wa sauti, aliyekuwa mkaguzi wa hesabu kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuja kufundisha. Alianza kwa kutusimulia habari za Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko ambaye mwaka 1494 alichapisha kitabu huko Venice kikieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa wakiandika kila muamala mara mbili, upande huu na upande ule. Niliandika jina na mwaka kwa mwandiko mzuri, nikamnong'oneza jirani yangu kwamba kumbe uhasibu wenyewe ni historia.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya kikundi. Tulipewa miamala 40 ya duka la kubuni la vifaa vya ujenzi, lenye saruji, nondo na mabati, tukaambiwa tuandae mizania ya miezi mitatu na kuiwasilisha Alhamisi. Kwa asiyeijua, mizania ina pande mbili: upande mmoja huorodheshwa mali za duka, na upande wa pili huorodheshwa madeni pamoja na mtaji wa mwenye duka. Kwa kuwa kila shilingi iliyonunua mali ilitoka mahali fulani, ama kwa mkopeshaji ama kwa mwenye duka mwenyewe, jumla za pande zote mbili sharti zilingane. Hapa neno "karibu" halina kazi, hata kama mtu amelizoea kwenye biashara ya unga.

Vikundi hupangwa na chuo chenyewe ili watu wa fani mbalimbali wachanganyike. Chetu kilikuwa na mhandisi wa maji, muuguzi kiongozi wa wodi, mimi, na binti mmoja aliyemaliza shahada ya kwanza mwaka uliotangulia, ambaye kila aliponikuta aliniamkia "Shikamoo, kaka" kwa adabu iliyonifanya nitembee kama profesa. Darasa lilikuwa na wahasibu watatu, na wote watatu waliangukia vikundi vingine. Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti bila kupingwa, jambo ambalo hadi leo naamini lilitokana na tai.

Tulikutana Jumatano usiku sebuleni kwangu Tabata. Niligawa kazi kiuongozi: mimi nisome tarakimu kwa sauti, mhandisi aziingize kwenye Ekseli, muuguzi ahakiki, na binti ahakikishe jedwali linapendeza. Nilisoma kwa kasi ya mtangazaji wa mpira. Ilipofika saa 5 usiku mhandisi alitangaza kwamba mizania imelingana, tukapeana mikono, na muuguzi akaanza kuvaa viatu.

"Samahani, kaka," akasema binti kwa upole. "Upande huu ni 38,700,000, na upande ule ni 37,800,000."

Tulitazama. Kwa macho ya saa 5 usiku namba zile zilikuwa pacha, lakini kati yake palikosekana shilingi 900,000. Muuguzi alivua viatu.

Tulitafuta kwa saa mbili. Mhandisi alidai kwamba katika mabomba ya maji upotevu wa kiasi hicho ungekuwa ni sifa. Mke wangu alipita akielekea jikoni, akauliza hilo duka ni la nani, nami nikamjibu kwamba halipo, ni la kubuni. Alisimama kidogo na birika lake.

"Duka halipo," akasema, "na bado limewapotezea laki tisa?"

Ilikuwa kama saa 7 usiku binti aliposema, "Kaka, laki tisa inagawanyika kwa tisa." Nilimjibu kwamba inagawanyika pia kwa tatu, na kwamba usiku ule haukuwa wa kupiga ramli. Akajaribu tena: "Marehemu baba yangu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa pamba kule Shinyanga, alikuwa akisema tofauti ikigawanyika kwa tisa..." Nikamkatiza kwa kumwambia kwamba Mungu amlaze baba mahali pema, lakini hapa tunashughulika na saruji. Akanyamaza, akarudi kupendezesha jedwali.

Ndipo uzoefu wangu wa miaka 12 uliponijia. Katika kila fomu ya matumizi niliyowahi kuijaza kazini, mstari wa mwisho uliitwa "Mengineyo", na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza ni yapi. Nilimwagiza mhandisi aongeze mstari mmoja chini ya madeni, aandike "Mengineyo" na mbele yake 900,000. Pande zote mbili zikasomeka 38,700,000. Tukaenda kulala.

Alhamisi mhadhiri alikusanya kazi zote, akazipitia mojamoja akiwa amesimama, kisha yetu akaionyesha ukutani kwa projekta. Alisoma vibao polepole hadi akafika kwenye kile nilichokigeuza mwenyewe kielekee mlangoni.

"Mwenyekiti wa kikundi, hongereni, mizania imelingana. Naomba unisaidie jambo moja. Mengineyo iko upande wa madeni, maana yake duka hili linadaiwa laki tisa. Linadaiwa na nani?"

Mtu mwenye busara angekiri hapo hapo. Mimi nilikuwa muuzaji.

"Linadaiwa na watu mbalimbali, Mwalimu."

"Wanajijua?"

Darasa lilianza kutikisika kidogo. Nikasema wengi wao wanajijua.

"Ni deni la muda mfupi au la muda mrefu?"

Sikujua kwamba mizania hugawa madeni katika mafungu hayo mawili tu, yale yanayopaswa kulipwa ndani ya mwaka mmoja na yale ya zaidi ya hapo. Ilikuwa imefundishwa kwenye ile kozi ya maandalizi, ambayo mimi niliihudhuria kwa kupitia mguu wa meza. Nikachagua njia ya haki kwa pande zote.

"La muda wa kati, Mwalimu."

"Lina riba?"

"Riba nafuu sana."

"Basi huyu Bwana Mengineyo, anayekopesha laki tisa bila mkataba, bila tarehe na kwa riba nafuu, naomba unipe namba yake ya simu, maana nina mtoto anaingia kidato cha kwanza."

Wahasibu watatu walikuwa wameinamia madawati wakilia machozi. Nilitafuta msaada kwa wenzangu, lakini mhandisi alikuwa akisoma dari na muuguzi alikuwa amekilaza kibao chake kifudifudi.

Mhadhiri alipoacha kutabasamu, alisema kwamba tofauti ya pande mbili ikigawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, jambo la kwanza la kuchunguza ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Hapa tofauti ni 900,000, hivyo tutafute namba ambayo tarakimu yake ya mamilioni na ile ya malaki zinapishana kwa moja. Hakuchukua hata dakika mbili. Mabati yaliyonunuliwa kwa mkopo yalikuwa ya 5,400,000. Upande wa mali yaliandikwa hivyo, ila deni la mwenye mabati liliandikwa 4,500,000, kwa sababu mtangazaji wa mpira aliposoma mara ya pili aliisoma kinyume.

"Kuna aliyelijua hili kabla?" akauliza mhadhiri.

Binti hakunyoosha mkono. Nilimnyooshea mimi, nikaeleza habari za karani wa ushirika na namna nilivyomnyamazisha, na hilo ndilo jibu pekee nililolitoa jioni ile ambalo mhadhiri aliliandika kwenye daftari lake.

Karatasi yetu ilirudi Jumatatu ikiwa na alama 5 kati ya 10, na pembeni mwa mstari ule pameandikwa kwa wino mwekundu: "Alipwe, aondoke." Jina lenyewe halikuondoka, kwa miaka miwili yote darasa zima liliniita Bwana Mengineyo, hata mlinzi wa getini, ambaye alidhani ndilo jina la ukoo wetu.

Kazi ya pili ilipotolewa tulikutana tena Tabata, na safari hii binti ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alifika, akaniamkia kama kawaida, akaketi kwenye kompyuta, kisha akanikabidhi karatasi ya miamala.

"Soma tarakimu mojamoja, kaka," akasema. "Na ukishasoma, nionyeshe kwa kidole."