Usiniulize Sababu, Niulize Siku Ngapi

Mtu akisema ana sonona, yaani ugonjwa wa kushuka moyo, watu humrukia na swali moja: "Kwani umepatwa na nini?" Akikosa la kujibu, anaambiwa ni mawazo tu, apumzike. Swali hilo nimelichukia.

Nilijiuliza mwenyewe miezi kadhaa. Kazi ninayo, watoto wazima, madeni ya kawaida. Nikaamua mimi ni mvivu. Sikutoa chozi hata siku moja. Nilichokuwa nacho ni mgongo unaouma, usingizi unaokatika saa tisa usiku, na muziki nilioupenda ukageuka kelele. Basi nikatibiwa mgongo.

Daktari aliyenifumbua macho aliuliza siku ngapi. Wataalamu hutafuta dalili 5 au zaidi kati ya 9, karibu kila siku kwa wiki 2, zikiwa zimeyavuruga maisha. Mojawapo lazima iwe huzuni au kupoteza hamu ya mambo. Hiyo "au" ndiyo iliyonipita: kumbe unaweza kuwa na sonona bila huzuni. Nyingine ni usingizi, ulaji, uchovu, akili kutotulia kwenye jambo, mwili kuwa mzito au kuhangaika, kujiona hufai, na kuwaza kifo. Kisa cha kukuhuzunisha hakimo kabisa.

Sababu anazozisaka daktari ni za aina nyingine. Hupima damu, maana upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri huiga sonona. Huuliza pia kama uliwahi kuchangamka kupita kiasi, siku kadhaa hulali wala huchoki. Mtu wa hivyo akipewa dawa za sonona peke yake, zinaweza kumrudisha kwenye wazimu ule wa furaha.

Sonona nyepesi inaweza kutibika kwa mazungumzo na mshauri aliyesomea. Ikiwa nzito, huongezwa dawa, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu maudhi hutangulia na nafuu huchelewa. Kichefuchefu kilinipata siku ya pili. Nafuu huja baada ya wiki 2 hadi 6. Siku ya tano nilikuwa nimeshazishika nizitupe. Ukipata nafuu unaendelea nazo angalau miezi 6, kisha daktari anazipunguza taratibu. Kuziacha ghafla siku unayojisikia mzima ni kuikaribisha irudi.

Ila kabla ya daktari alikuwepo mke wangu. Wengi huogopa kumtajia mgonjwa habari za kujiua, wakidhani watampandikizia wazo. Hawampandikizii. Yeye aliniuliza wazi, tukiwa jikoni: "Baba, unawaza kufa?"

Nikasema ndiyo. Akazima jiko, akavuta kiti, akakaa.