Tuzime mamonsta kwenye seva yetu au tuwaache? Mtazamo wangu kabla ya kura

Wadau, kwenye kundi letu la gemu la Minecraft kuna hoja imeletwa na Jumapili tunaipigia kura, kwamba difficulty, yaani ugumu wa gemu, iwekwe peaceful, yaani zombi, skeletoni, buibui na Creeper wote wapotee tubaki na ng'ombe, kuku na wanakijiji. Tuko kumi na wawili, Tabata, Mbagala, wawili wako Kigamboni, na kompyuta inayobeba seva iko kwa mwenzetu Sinza. Naona watu wameanza kurushiana maneno badala ya kujadili, ndo maana nimeamua kukaa chini niandike.

Nianze na wanaotaka wazimwe, maana kiukweli hawajasikilizwa. Wanaambiwa waoga wakati tatizo lao ni mtandao. Creeper akishakufikia analia kwa sekunde moja na nusu tu afu analipuka, sasa we unacheza kwa hotspoti ya simu, saa mbili usiku mtaa mzima uko hewani, picha inaganda sekunde tatu, ikirudi unakuta umeshakufa na hata aliyekuua hujamuona. Na kwenye seva ya watu wengi ukibonyeza Esc gemu haisimami kama ukiwa unacheza peke yako. Umeme ukikatika kwenu ndo kabisa, mtu wako anaweza kubaki kasimama palepale karibu nusu dakika mpaka seva igundue kwamba haupo, zombi anajipigia tu. Vitu ulivyoangusha vina dakika 5, na kwa vile wenzako wako maeneo yaleyale wanaendelea kucheza hesabu haisimami, zikiisha vimefutika. Dogo wa Mbagala kapoteza almasi hivyo mara tatu na anacheza vizuri kuliko mimi. Kumwambia mtu kama huyo ajifunze kupigana ni kumuonea.

Kuna pia dada yetu anayesoma usanifu majengo, ye anajenga tu, nyumba za kizamani zenye baraza na milango ya kuchonga, kazi nzuri mno, na kila usiku anakatishwa na skeletoni anamtungua toka juu ya jukwaa. Hajaja kupigana na hana haja ya upinde. Na kompyuta ya Sinza nayo tuihurumie, seva inatakiwa ipige mizunguko 20 kila sekunde, maana yake kila mzunguko una milisekunde 50 za kumaliza kila kitu, na kila zombi anayetafuta njia ya kukufikia anakula sehemu ya hizo milisekunde.

Sasa upande wa pili. Mwezi uliopita tulijaribu peaceful wiki mbili, mnakumbuka, na mimi nilichokiona ni soko kufa. Lile soko letu tuliloliita Kariakoo, ambapo watu walikuwa wanauza mikate na nyama ya kuchoma kwa zumaridi, lilikufa ndani ya siku nne, kwa sababu kwenye peaceful mtu hasikii njaa na afya inarudi yenyewe, sasa mkate wa nini? Mwenye shamba la ngano akaliacha, kwa sababu wateja hamna. Muuza mishale naye akafunga. Baruti ya kutengenezea fataki za kurukia angani inatoka kwa Creeper, ikaisha, tukarudi kutembea kwa miguu. Mifupa na uzi unaweza kuhangaika ukapata mbadala, uzi hata kwa kuvua samaki unapata, lakini vijiti vya Blaze, yule monsta wa moto, havina mbadala, na bila hivyo hupiki dawa yoyote wala hutengenezi macho ya Ender ya kufungulia mlango wa End, ile dunia ya mwisho ya gemu. Afu lile shamba la chuma nalo likazorota papo hapo, maana lilikuwa linategemea zombi mmoja tuliyemfungia pale awatishe wanakijiji ili wamwite golemu, lile jitu linaloacha chuma likifa, tukambandika na jina kabisa asipotee, peaceful ilipowashwa akafutika na jina lake.

Kuna mtu amesema basi tusiende peaceful, tuzime tu ule mpangilio wa kuzalisha mamonsta ili njaa ibaki. Sawa, mkate utauzika, ila Creeper bado hamna na baruti bado hamna.

Lakini kilichoniuma zaidi ya vitu ni watu. Zile wiki mbili kila mtu alihamia kwake mbali, hamna aliyemhitaji mwenzake. Kabla ya hapo jua likianza kuzama tulikuwa tunaitana kwenye simu, njooni ukutani, nani ana mienge, nani amebaki pangoni twende tukamchukue, na wengine hapo ndo tulipofahamiana, mimi na jamaa wa Kigamboni hatujawahi kuonana ana kwa ana hadi leo ila ni rafiki yangu kwa sababu ya zile usiku. Kwenye peaceful usiku ulikuwa unapita kimya.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, kinachowaumiza wenzetu ni hasara, na hasara unaweza kuiondoa bila kumgusa zombi. Tuwashe kanuni ya keepInventory, ukifa unarudi na vitu vyako, dogo wa Mbagala mtandao ukimganda almasi zake ziko salama. Najua ubaya wake, kifo kinakuwa rahisi na watu watakuwa wanajirusha kwenye majabali ili warudi nyumbani haraka kama wamepanda bodaboda ya bure. Nimeupima na naukubali, bora huo kuliko mtu kuadhibiwa kwa sababu ya bando. Difficulty tuishushe iwe easy, wanapiga kwa nguvu ndogo. Idadi ya mamonsta kwa bahati seva yetu inatumia programu ya Paper, ile 70 ya kawaida tunaweza kuiandika hata 30 kompyuta ikapumua.

Kanuni ya mobGriefing, inayoruhusu viumbe kuharibu na kubadili vitu, hapo nasitasita. Ukiizima Creeper akilipuka habomoi nyumba, dada yetu analala, ila wanakijiji nao wanaacha kuvuna mashamba yao. Mimi ningeiacha ilivyo kwanza tuanze na taa. Tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021 mamonsta hao wa kawaida kwenye dunia ya kawaida wanatokea sehemu yenye mwanga wa sifuri tu, zamani ilikuwa mwanga wa 7 kushuka chini, na mwenge mmoja unatoa 14, yaani mji mzima tukiamua unawaka kwa jioni moja na hamna mmoja wao atakayezaliwa ndani ya ukuta. Wanaotaka kupigana watoke nje ya ukuta, huko giza lipo la kutosha.

Kura yangu Jumapili ni hapana kwa peaceful. Na kwa vile nimesema taa, leo saa tatu naanza kuweka mienge kuanzia sokoni mpaka kwenye zile nyumba za dada yetu, nina mienge masanduku mawili, mwenye makaa aje nayo.