Mwezini: mchokoo au mkono?

Wiki mbili zilizopita wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Mtwara walifanya mdahalo. Hoja ilikuwa kwamba mashine zinatosha kuuchunguza Mwezi, hakuna haja ya kupeleka watu. Waunga mkono walishinda kwa kura nyingi. Msichana aliyewaongoza alimalizia kwa swali ambalo upande wa pili haukulipatia jibu: "Mtu akifia kule, ndugu zake waambiwe amefia nini?" Ukumbi mzima ukagonga meza. Mimi nilikuwa mwamuzi, sikuruhusiwa kuchangia. Nachangia leo, kwa sababu naamini wapinga hoja walikuwa na hoja nzito ambazo hawakuzitumia, na nisingependa darasa lile libaki na upande mmoja tu.

Swali la yule binti lina jibu chungu. Tarehe 27 Januari 1967 Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikufa kwa moto ndani ya chombo cha Apollo 1 wakiwa bado ardhini, kwenye majaribio, roketi haina hata mafuta. Haraka ilichangia. Rais Kennedy alipotangaza Mei 1961 kwamba Marekani itamfikisha mtu Mwezini kabla ya mwongo ule kwisha, nchi yake ilikuwa imempeleka angani mtu mmoja tu, kwa dakika 15, tena bila hata kuizunguka dunia. Wasovieti walikuwa mbele: mwaka 1959 chombo chao kisicho na mtu, Luna 2, kiligonga uso wa Mwezi, na Luna 3 ikapiga picha upande ambao hakuna jicho la binadamu lililowahi kuuona. Marekani ilikuwa inafukuzia heshima. Apollo, mpango wa Marekani wa kupeleka watu Mwezini, ilikula takribani dola bilioni 25 za wakati ule, na mwaka 1966 shirika la anga la NASA peke yake lilichukua zaidi ya asilimia 4 ya matumizi ya serikali yao. India ilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi tarehe 23 Agosti 2023 kwa chombo cha Chandrayaan-3, kwa takribani dola milioni 75. Wanafunzi waliitaja tofauti hiyo, na kwa hilo walistahili makofi, ingawa chombo cha India hakikuwa na kazi ya kumrudisha mtu wala jiwe.

Nilipotoka shuleni Ijumaa ile nilikwenda Mikindani kwa shangazi yangu. Ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, mwamba uko wazi. Shangazi anachokoa pweza tangu mimi sijazaliwa. Nilimfuata nyuma nikimwangalia. Anafika kwenye tundu, anatazama kama kuna makombe yamelundikwa mlangoni, maana pweza hutupa mabaki ya chakula chake nje. Kisha anaingiza mchokoo, mti wa kuchokolea, taratibu, anasikiliza kwa kiganja. Kitu kilaini kinachoung'ang'ania mti ni pweza. Kikiuma na kuuachia, huyo ni mkunga, samaki mrefu kama nyoka, naye anaweza kukukata kidole. Mkono unaingia baada ya hapo.

"Shangazi, ukiwa na mchokoo mzuri sana, mkono wa nini tena?"

"Mwanangu, mchokoo unaniambia yupo. Wa kumtoa ni nani?"

Historia ya Mwezi ilianza vivyo hivyo. Miaka ile wapo wataalamu waliohofia kwamba uso wa Mwezi ni vumbi jepesi lenye kina, chombo kikitua kitazama. Hofu ile isingeondolewa kwa mahesabu ya mezani, ilitaka kitu cha kwenda kugusa. Marekani ilituma vyombo sita vya Ranger, vyote vikashindwa. Cha saba, Julai 1964, kikaleta picha zaidi ya 4,300 kabla ya kujibamiza. Tarehe 3 Februari 1966 Luna 9 ya Wasovieti ikatua salama na kukaa juu ya udongo bila kuzama. Vikafuata vyombo vya Surveyor, viwili kati ya saba vikapotea, vitano vikatua. Surveyor 3, iliyotua Aprili 1967, ilikuwa na mkono wa chuma wenye kikoleo kidogo, ikachimba vifereji kupima ugumu wa ardhi. Bila kazi ile hakuna mtu mwenye akili timamu angemruhusu Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi, ashuke.

Kwa hiyo kwamba mashine zitangulie, hilo halina mjadala. Mjadala unaanzia pale mashine inapofikia ukomo wake, na hapa ndipo wapinga hoja walipolala.

Julai 1969 mbinu zote mbili zilikuwa Mwezini kwa wakati mmoja. Apollo 11 ilipokuwa inashuka, mtambo wake ulikuwa unaipeleka kwenye shimo lililozungukwa na mawe makubwa. Armstrong aliona kwa dirisha, akashika usukani mwenyewe, akavuka mawe yale na kutafuta uwanja. Siku iliyofuata, zikiwa zimebaki saa mbili hivi yeye na mwenzake Aldrin waondoke Mwezini, chombo cha Wasovieti kisicho na mtu, Luna 15, kilichokwenda kuchota udongo, kilianguka na kuvunjika.

Wasovieti hawakukata tamaa, na nawaheshimu kwa hilo. Luna 16 ilirudi na udongo Septemba 1970, gramu 101. Ukijumlisha safari zao zote tatu za aina hiyo, haifiki nusu kilo. Safari sita za Apollo zilizotua zilileta kilo 382. Kigari chao cha Lunokhod 2, kilichoendeshwa kutoka duniani mwaka 1973, kilitembea kilomita 39 kwa miezi minne hivi, wakati Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa Apollo 17 waliendesha takribani kilomita 35 kwa siku tatu.

Lakini kilo na kilomita si hoja yangu kubwa. Schmitt alikuwa mwanajiolojia, wa kwanza na wa mwisho katika Apollo. Desemba 1972, ukingoni mwa shimo liitwalo Shorty, aliona chini ya viatu vyake udongo wa rangi ya machungwa katikati ya nchi yote ya kijivu. Hakutumwa kutafuta rangi ile. Walichimba, wakachukua. Ilikuja kuonekana ni chembe ndogo za kioo zilizorushwa na volkano zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita.

Sisi wa kusini tunalijua jambo la namna hii. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alikutana na mifupa mikubwa ajabu ikichomoza ardhini Tendaguru, mkoani Lindi. Kazi yake ilikuwa madini. Kati ya 1909 na 1913 mizigo ya mifupa ile ilibebwa na wapagazi wetu, vichwani na mabegani, mpaka bandari ya Lindi, na leo mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 amesimama Berlin. (Kwamba amesimama Berlin badala ya Lindi linaniuma, ila hilo lina siku yake.) Mtambo ungetumwa Tendaguru kutafuta madini, ungetafuta madini.

Sasa niwape waunga mkono haki yao, maana hapa ndipo hoja yangu inapotikisika. Udongo ule wa machungwa ulikaa maabara miaka mingi, wengi wakiamini Mwezi ni mkavu kabisa. Mwaka 2008 vipimo vipya vya vioo vya volkano vya Apollo vilionyesha dalili za maji kutoka ndani ya Mwezi. Mwaka uliofuata yakatangazwa matokeo ya Chandrayaan-1, chombo kisicho na mtu kilichokuwa kikiuzunguka Mwezi: dalili za maji hata panapopigwa na jua, katika sehemu kubwa ya uso. Oktoba 2009 NASA, katika safari ya LCROSS isiyo na mtu, ikabamiza kipande cha roketi kwenye shimo la Cabeus karibu na ncha ya kusini, ambako jua halifiki, na vumbi lililoruka likaonekana kuwa na barafu ya maji. Hakuna mwanaanga aliyekanyaga huko.

Tena, watu 12 wa Apollo walitua sehemu sita tu, zote upande unaotutazama. Ni kama mtu atue Mikindani, Msimbati na Sudi, zote pwani, kisha adai ameijua Nachingwea iliyo bara. Udongo wa kwanza wa upande wa mbali uliletwa Juni 2024 na chombo cha China, Chang'e 6, karibu kilo mbili, bila mtu ndani. Wanaosema roboti haziwezi kuleta kitu cha maana wanazungumzia miaka ya 1970.

Kura yangu, ningepiga, ingekwenda kwa wapinga hoja, lakini kwa sharti ambalo sikusikia likitajwa. Asipelekwe mtu mahali ambapo mashine haijagusa kwanza, wala asipelekwe kwa sababu jirani naye anampeleka. Safari za Apollo 18, 19 na 20 zilifutwa. Marekani ilikuwa imeshazishinda mbio na ushindi wake umeshajulikana, na maswali ya kisayansi hayakuwa na mtetezi bungeni. Schmitt, mtaalamu wa mawe, alipanda safari ya mwisho kabisa. Mpango ulioanza kwa ajili ya mawe ungempandisha mapema.

Kuna safari moja ya Apollo ambayo natamani darasa langu lingeijadili badala ya ile ya kwanza. Novemba 1969 Pete Conrad na Alan Bean wa Apollo 12 walitua chini ya mita 200 kutoka kilipo Surveyor 3, chombo kile cha kikoleo. Wakakiendea kwa miguu. Kilikuwa kimesimama mteremkoni palepale kilipoachwa miaka miwili na nusu kabla, na alama za mguu wake wa chuma zilikuwa bado zinaonekana udongoni. Wakakata kamera yake, wakachukua na kikoleo, wakavitia kwenye mfuko na kurudi navyo nyumbani.