Wenzake Wakiomba, Yeye Yuko Wapi?

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na nilikuwa nimekwenda kulipa pesa za chakula cha mtoto wangu katika shule moja ya msingi ya umma huku Pwani ambayo mdhamini wake ni kanisa. Madarasani kulikuwa na PPI, kile kipindi cha malezi ya kiroho ambacho shule za Kenya hukitenga kila wiki. Nyimbo zilisikika mpaka langoni. Chini ya mwembe niliwakuta watoto watano wakiokota majani na kuyatia ndooni. Nikadhani wamechelewa na wanaadhibiwa. Nikamuuliza mkubwa wao wamekosa nini.

"Hatujakosa kitu, mama. Sisi ni Waislamu."

Mwalimu mkuu, ambaye namheshimu mpaka leo, alinieleza bila kuficha. Wazazi waliomba watoto wao wasishiriki ibada, naye akakubali. Lakini hakutaka wakae bure, ndiyo maana hupewa kazi ndogo ya usafi. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Ila mtoto wa miaka tisa hasomi nia ya mtu. Anachokijua ni kwamba kila Ijumaa wenzake huimba na yeye huokota majani, kwa sababu ya dini ya kwao.

Mzozo wa aina hii umewahi kufika hadi Mahakama ya Juu. Kanisa la Methodisti, likiwa mdhamini, lilishtaki baada ya wasichana wa Kiislamu wa shule ya sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, kuruhusiwa kuvaa hijabu. Mahakama Kuu ililiunga kanisa mkono mwaka 2015, ikiona kuwa ruhusa hiyo inawabagua wanafunzi waliobaki. Mahakama ya Rufaa ikapindua uamuzi huo mwaka 2016 na kusema kanuni moja kwa wote nayo inaweza kubagua, hata kama haikumtaja mtu. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitupa hukumu ya Rufaa, zaidi kwa sababu dai la mzazi aliyejiunga na kesi kuitetea hijabu halikuwasilishwa kwa utaratibu unaofaa tangu mwanzo. Miaka mitano ya kesi ikaisha, na mwalimu mkuu wa kawaida bado hana jibu la kubandika ofisini.

Kanisa lina hoja nzito, na wanaoipuuza sijui kama wamewahi kuona shule ikijengwa. Kabla ya Sheria ya Elimu ya 1968 kuigeuza misheni kutoka msimamizi wa shule kuwa mdhamini, kanisa lilitafuta ardhi, likapandisha kuta, likamleta mwalimu. Hata sasa pesa za serikali zikichelewa, mara nyingi ni waumini wanaochangishana mabati. Wazazi wengi, wakiwemo Waislamu, huzipenda shule hizi kwa nidhamu na kwa namna mtoto anavyojaliwa, na hayo yametokana na watu wanaoamini kwa dhati kwamba kila mtoto ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Ukiiambia shule hiyo iache sala ili asiwepo anayejiona mgeni, utakuwa umeng'oa kile kile kilichoifanya impokee mgeni. Baba mmoja wa Kiislamu aliniambia alisoma kwa mapadre, akaimba kila wimbo, na hajakosa swala tano. Yeye haoni tatizo liko wapi.

Wapo wanaoliona, na wana haki. Mwalimu anayeingia darasani analipwa na Tume ya Huduma za Walimu. Tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bila malipo mwaka 2003, wakati huo serikali ikitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, vitabu na chaki vinatoka kwenye kodi ya sote. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinampa mdhamini nafasi kwenye bodi na kazi ya malezi ya kiroho, tena kasisi akiwekwa kwa gharama ya mdhamini mwenyewe. Lakini kifungu hicho hicho kinataka malezi hayo yaendelee huku dini na madhehebu ya wengine yakilindwa. Sheria imesema kulinda, na kulinda ni kazi kubwa kuliko kuvumilia. Katiba nayo, katika ibara ya 27, imetaja hata mavazi miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo.

Halafu kuna hofu ambayo sisi wa Pwani tumeirithi. Shule za mwanzo zilikuja na misheni, Rabai, kisha Freretown ya Mombasa, ambako wamishonari wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana, waliwapa makao watumwa walioachiliwa huru miaka ya 1870. Kusoma na kubatizwa vikaonekana kitu kimoja. Bara pia, Wakikuyu waliwaita Wakristo athomi, yaani wasomaji. Wazee wengi wa Kiislamu wakawazuia watoto wao wasiende, wakiogopa watarudi na dini nyingine. Kwa mzazi mwenye kumbukumbu hiyo, kuambiwa "hapa hatulazimishi mtu" hakutoshi.

Hata Wakristo wenyewe hawajapona. Mtoto wa dhehebu la Akorino, ambaye imani yake humtaka avae kilemba kichwani, ni Mkristo. Msabato anayeitwa kwa masomo ya ziada Jumamosi ni Mkristo. Kwa hiyo wanaosema hili ni suala la Waislamu peke yao hawajaangalia vizuri waliopanga foleni kwenye gwaride.

Kuhusu vazi, msimamo wangu ni mfupi: hijabu ya rangi ya sare haijawahi kumzuia mtoto kujua kugawanya, na kilemba vivyo hivyo. Kinachonisumbua zaidi ni yale ambayo hayakuandikwa popote. Katika shule ile, kiranja mkuu ndiye anayeongoza sala asubuhi. Hakuna kanuni inayosema Mwislamu asiwe kiranja mkuu, na hajawahi kuwepo hata mmoja. Mwalimu mkuu alinyamaza kidogo nilipomtajia hilo, kisha akasema hakuwahi kulifikiria. Namwamini. Sala inaweza kuongozwa na mtoto mwingine, na shule ikabaki ya Kikristo kama ilivyokuwa jana.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaotaka kanisa liondoke, wala wanaodhani ruhusa ya kutoka nje imemaliza kazi. Kumruhusu mtoto asiombe ni haki yake, lakini haki hiyo imemwacha chini ya mwembe. Elimu ya Dini ya Kiislamu imo kwenye mtaala wa msingi, ila Tume ya Huduma za Walimu haitaleta mwalimu wa somo hilo kwa ajili ya watoto watano. Hapo ndipo mdhamini angeweza kuonyesha imani yake kwa vitendo, kwa kubisha hodi msikitini na kuuliza nani anaweza kuja.

Shule ile ilifanya hivyo. Muhula uliofuata watoto walipewa chumba cha maktaba saa ya PPI, na ustadhi wa msikiti wa jirani akakubali kuwafundisha. Anakuja kwa bodaboda, shilingi mia mbili kwenda na kurudi. Kwenye kikao cha bodi mjumbe mmoja alisema sheria inamtaka mdhamini amlipie kasisi wake tu, mwingine akasema pesa za serikali si za nauli, na wa tatu akataka wazazi wa watoto hao wachange wenyewe. Wiki tatu za kwanza mwalimu mkuu alilipa kutoka mfukoni mwake. Suala hilo liko kwenye ajenda ya kikao kijacho, nambari saba, na nimeomba niruhusiwe kuhudhuria.