Usiyauze Malengo Yako kwa Kangomba

Mwezi wa saba kwetu Newala, mkoani Mtwara, pesa huwa hakuna. Mikorosho ndiyo kwanza inaanza kutoa maua, salpha, ile dawa ya unga ya kukinga mikorosho, inatakiwa, watoto wamefungua shule, na mnada wa kwanza bado miezi mitatu au zaidi. Hapo ndipo mtu wa kangomba anapobisha hodi. Anakupa pesa leo, korosho atazifuata msimu ukifika. Na akija haji na mzani, anakuja na kopo lake. Analijaza mpaka linafanya kichuguu, korosho zinadondoka pembeni, anasema, "Moja." Kwake hiyo ni kilo moja. Mwenye shamba anajua imezidi, lakini pesa ilishaliwa tangu Julai. Atasema nini?

Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, na imefanya vizuri. Lakini ipo kangomba nyingine ambayo hakuna wa kuikamata, ile tunayoyafanyia maisha yetu wenyewe. Tunauza miaka yetu ikiwa bado maua, kisha tunakubali ipimwe kwa kopo la mtu mwingine.

Mimi niliuza yangu mwaka 2012. Watu wa Mtwara mnakumbuka: gesi ndiyo ilikuwa habari ya mjini, kila barazani ni viwanja, wageni wanakuja, nyumba za kupanga zitagombaniwa. Nikajiwekea lengo kwamba kabla sijatimiza miaka thelathini na mitano niwe na nyumba ya vyumba vinne, bati la rangi, geti la chuma. Nilikopa, nikajinyima. Harusi za ndugu nikawa natuma mchango tu, mwenyewe sifiki. Mama alipolalamika miguu inamuuma nilimwambia avumilie kidogo nimalize lenta. Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Nyumba ikaisha mwaka 2015, mwaka uleule bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika. Siku ya kuhamia nilikaa sebuleni peke yangu, rangi bado inanuka, nikajiuliza kesho naamkia nini. Sikupata jibu. Wiki ya pili nikajikuta nalitazama geti la jirani, refu kuliko langu.

Sisemi kujenga ni kosa. Anayevujiwa anahitaji bati, na asije mtu akamhubiria kuridhika. Lakini geti lile sikulihitaji. Lilikuwa kopo la watu wa mtaani, na nilihangaika miaka mitatu kulijaza.

Kusini huku tunayajua vizuri malengo ya namna hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga, wakakusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, Nachingwea ikiwamo. Hesabu zilikuwa kubwa, matrekta yakaletwa kabla udongo na mvua havijajulikana vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Reli iliyojengwa kwenda Nachingwea ikang'olewa baadaye, bandari ya Mtwara ikabaki. Kila nikiipita bandari ile huwaza juu ya waliopanga. Lengo lao lilikuwa na tarakimu zote, isipokuwa waliolipanga hawakukaa na udongo wenyewe wakaujua.

Mjomba wangu amevuka miaka sabini. Kila mwaka anakata mikorosho michache iliyozeeka na kupanda miche iliyobebeshwa, mita 12 kwa 12 kama wanavyoshauri wataalamu wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara. Majirani humwambia anapoteza ardhi. Yeye huwaonyesha upande wa pili wa shamba, ambako zamani alipanda kwa kusongamanisha: matawi yamekumbatiana, jua haliingii, miti ni mingi na korosho ni chache.

Agosti mwaka jana nilikwenda kumsaidia kupuliza salpha. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, umande ungali kwenye majani, maana jani likikauka salpha haishiki vizuri. Mashine anaibeba yeye mgongoni, hakubali kuitoa. Vumbi la njano linapanda mpaka matawi ya juu, macho yanawasha, koo linakauka. Jua lilipoanza kutoka nikamuuliza, "Mjomba, hivi shamba hili utalikamilisha lini?"

Akazima mashine ili anisikie vizuri.

"Likikamilika, mjomba, asubuhi nitakwenda wapi?"

Akaiwasha tena, akahamia mti mwingine.

Niliporudi mjini nilitoa daftari langu. Januari nilikuwa nimeandika malengo kumi na moja, karibu yote ya kupata: kupata gari, kupata cheo, kupata kiwanja cha pili. Yalikuwa yamesongamana kama ule upande wa zamani wa shamba la mjomba. Kwa kila moja nikajiuliza kama ningelitaka hata kama hakuna atakayeniona nalo, na kama siku nitakayolifikia kutabaki kazi ninayoipenda kuifanya. Tisa nikayafuta. Gari bado nalitamani, sifichi, lakini nimekataa kuipa tamaa hiyo mwaka mzima wa maisha yangu.

Mawili yaliyobaki hayana siku ya kuisha. La kwanza ni mama. Sasa anakaa nami, katika chumba cha mbele, na kliniki ya miguu nampeleka mwenyewe kila mwezi. La pili ni hisabati. Jumamosi geti linashinda wazi, watoto wa mtaani wanakuja kibarazani na madaftari yao, wengine kabla hata sijanawa uso. Mama hukaa pembeni na sinia lake anabangua korosho, na mtoto akikosea saba mara nane, yeye ndiye anayemsahihisha kabla yangu.