Deni la Hambantota Lisomwe Upya

Anzisha mjadala wowote kuhusu mikopo ya China, na Hambantota, bandari ya kusini mwa Sri Lanka, itatajwa mapema: Sri Lanka ilikopa, ikashindwa kulipa, Wachina wakaichukua bandari. Inaniudhi kwamba simulizi hii bado inafundishwa kana kwamba hakuna aliyeichunguza.

Imechunguzwa sana. Bandari hiyo ilifikiriwa kabla fedha za Beijing hazijaingia. SNC-Lavalin ya Kanada ilifanya upembuzi yakinifu mwaka 2003, Ramboll ya Denmark ikafuata mwaka 2006. Aliyeisukuma ni Rais Mahinda Rajapaksa, kwao ni huko huko Hambantota, na mwaka 2007 Benki ya Exim ya China ikakubali kutoa takriban dola milioni 307. Miaka kumi baadaye, serikali iliyomrithi ikaikodisha bandari kwa kampuni ya China Merchants Port kwa miaka 99, kwa dola bilioni 1.12.

Kiini cha mambo ni hapa. Fedha hizo hazikufuta mkopo wa Exim. Ziliingia kwenye akiba ya fedha za kigeni, maana mzigo mkubwa zaidi uliokuwa ukiikaba serikali ya Sri Lanka ni hatifungani zilizouzwa kwenye masoko ya kimataifa. Mkopo wa bandari ukaendelea kudaiwa.

Wanaoitetea China nao wasishangilie. Umesh Moramudali na Thilina Panduwawala, watafiti wa Sri Lanka, walikaa na takwimu wakajumlisha hata mikopo ya mashirika ya umma. Wakakuta kwamba mwishoni mwa 2021 China ilidai karibu asilimia 20 ya deni la nje la umma, si zile asilimia 10 zilizozoeleka kutajwa. Hiyo ndiyo kazi ninayoiheshimu: haikumpendeza mtu yeyote.

Sisi huku tuna sababu ya kujali. Kenya ilipokumbwa na habari kwamba bandari ya Mombasa imewekwa rehani kwa ajili ya reli ya SGR, Hambantota ilitumika kama ushahidi. Deborah Brautigam, mtafiti wa Marekani wa mikopo ya China, na wenzake walipoichambua mikataba, walionyesha mwaka 2022 kwamba bandari haikuwa rehani. Hofu ilikuwa imeshasambaa.

Naomba wahadhiri wetu wa uhusiano wa kimataifa waanze muhula na kazi ya hao wawili wa Sri Lanka, kabla ya maandiko ya Washington au Beijing. Halafu wawaulize wanafunzi: nani alisaini, na alitaka nini?