"Imethibitishwa kwa panya": kidonda kipi cha tumbo?

Mwaloni Kibirizi, Kigoma, mbeba mizigo mwenye mgongo unaomsumbua humeza diklofenaki, dawa ya maumivu, hata hajatia kitu tumboni. Likianza kuwaka moto, anatafuna vidonge vya magnesiamu vya kuzima asidi. Muuza dawa akija na unga au maji yake ya chupa ya kutibu vidonda vya tumbo, husifu kwamba imethibitishwa kwa panya. Huenda hasemi uongo. Ila panya huyo alipataje kidonda?

Kwa kawaida maabara ndiyo humtia kidonda. Hushindishwa njaa, hupewa dawa inayojaribiwa, kisha indomethasini, nayo dawa ya maumivu, au pombe kali. Au hufungwa kwa uzi mlango wa chini wa mfuko wa chakula ili asidi ijae, mbinu ya mtafiti Harry Shay na wenzake ya mwaka 1945. Saa chache baadaye anauawa, mfuko unapasuliwa na kutandazwa, na michirizi ya damu inapimwa kwa rula, milimita kwa milimita. Sokwe wa Gombe wana watetezi dunia nzima. Panya huyu hana wa kumlilia.

Wanaotetea majaribio hayo wana hoja, tena nzito. Indomethasini na diklofenaki ni ndugu: zote hupunguza prostaglandini, kemikali zinazolinda ukuta wa tumbo. Kwa hiyo kidonda cha panya huyo kinafanana na cha mbeba mizigo wetu. Ni kwa panya pia ilionekana kwamba dawa za kuzima asidi zenye alumini hulinda ukuta huo hata zikiwa zimeshapoteza nguvu ya kuzima asidi. Nani angelikisia hilo mezani?

Lakini panya alikingwa kwa saa chache, kwa dozi moja. Mbeba mizigo anameza dawa za maumivu miezi na miezi, na daktari akitaka kumkinga humwandikia omeprazoli, inayopunguza asidi inayotengenezwa tumboni, si magnesiamu. Hapo kufaulu kwa panya hakumfikishi mbali.

Kuna pengo kubwa zaidi. Vidonda vingi vya binadamu huletwa na bakteria, Helicobacter pylori, na panya aliyefungwa uzi asingeweza kumwambia mtu hilo. Daktari Barry Marshall wa Australia alijaribu kuwaambukiza nguruwe, akashindwa. Mwaka 1984 akanywa bakteria hao mwenyewe, tumbo likavimba kwa ndani. Yeye na mtafiti mwenzake, Robin Warren, wakapewa Nobel mwaka 2005. Mwenye bakteria hao akinywa dawa ya kuzima asidi anapata nafuu tu. Kinachowaua ni antibiotiki.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kwangu ombi la kibali cha kujaribia wanyama lingeanza na swali lile la kidonda. Jaribio la wiki kadhaa juu ya vidonda vya dawa za maumivu, panya wachache, ganzi ya kutosha: ningelipitisha, kwa shingo upande. Kumnywesha panya pombe kali ili kupima tena dawa ya asidi iliyokwishajaa madukani, hapana.